Kila Nchi na Majani Yake

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za majani ya kulishia wanyama katika Kenya. Katika ukame wa miaka 2020 hata 2023, wanyama wa kufugwa zaidi ya milioni mbili walikufa katika nchi hii kwa njaa na kiu. Basi jambo hili si dogo.

Huenda mtu wa Makueni akafika Kiambu, akaona majani ya Napier, yaani mabingobingo, yamempita kimo, akayatamani. Anunua mabua, apanda kwake. Mvua ikikatika yote yakauka, na fedha zimepotea. Majani si mabaya, wala udongo si mbaya, ila havikupatana.

Napier hutaka mvua ipatayo milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka. Hupandwa kwa vipande vya mabua vyenye vifundo vitatu, viwili vikafukiwa. Yakatwe yafikapo kimo cha mita moja hivi, maana yakikomaa huwa magumu na faida yake hupungua. Shina likidumaa na kugeuka manjano, au likitoa masuke meusi kama masizi, ling'olewe lote na kuchomwa, wala mbegu isichukuliwe katika shamba lile.

Katika nchi za juu kama Kinangop, ambako umande huganda usiku, Napier huungua kwa baridi. Huko majani yatambaayo yaitwayo Kikuyu ni malisho mema, kwa kuwa asili yake ni milima yetu hii.

Katika Trans Nzoia na Uasin Gishu majani ya Rhodes hustawi sana. Mbegu zake ni ndogo mno, basi zisifukiwe chini. Yakatwe yaanzapo kutoa maua, yaanikwe, yawekwe akiba.

Nanyi wa Makueni na Kitui, msiyadharau majani ya kwenu. Yale ambayo Wakamba huyaita mbeetwa na ndata kivumbu yamezoea jua. Limeni vijifereji vikingamavyo mteremko ili maji yatulie, mkapande humo kabla ya mvua. Mbegu iliyovunwa sasa hivi haioti vema. Yafaa ikae mahali pakavu miezi kadha wa kadha. Tena wanyama wasiingie shambani hata majani yashike mizizi na kuzaa mbegu.

Wazee husema, akiba haiozi. Ni kweli, walakini majani yaliyolowa huoza. Yakaukeni vema, kisha yafungwe, yawekwe juu ya miti, chini ya paa. Mwenye kufanya hivi wakati wa neema hatalazimika kumwuza ng'ombe wake kwa bei ya ngozi wakati wa dhiki.