Nikaha na Ruhusa ya Kukaa Nchini

Waheshimiwa wazee na ndugu Waislamu wa Juba:

Nikaha hutimia kwa walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mahari ni haki ya mke. Mgeni aliyekuja kuzuru akaolewa hapa amekuwa mke halali. Lakini nikaha haiigeuzi viza yake ya matembezi. Muda wake ukiisha, sheria humwona mgeni yule yule, na nyumba yaweza kuvunjika pasipo talaka.

Basi yampasa mume kuisajili ndoa, kisha kwenda Uhamiaji na hati yake kumwombea mkewe ruhusa ya ukaazi kabla viza haijakwisha. Uraia ni jambo jingine: Sheria ya Uraia ya 2011 yataka mwenzi mgeni akae nchini pamoja na mwenzake miaka 5 mfululizo kabla ya kuomba. Ama watoto wao, hao ni raia kwa kuzaliwa, mzazi raia akiwa baba au mama.

Asemaye, “Nikaha imekwisha fungwa, karatasi za nini?” na ajue kwamba sitara ni haki ya mke, wala hasitiriki amwogopaye kila askari apitaye. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba za Waislamu. Amin.