Haki ya Usingizi kwa Wanaotuhudumia Usiku

 

Ndugu zetu katika imani, ni kawaida mtu akitoka hospitali kusimulia barazani kwamba amemkuta muuguzi wa zamu ya usiku amesinzia mezani. Husemwa kwa hasira, na wasikilizaji hutikisa vichwa. Nasi tuliwahi kuyasema. Je, tuliuliza mtu huyo mchana alilala saa ngapi?

Mwenyezi Mungu ameufanya usiku kuwa wakati wa mapumziko, na wataalamu wa tiba hulieleza jambo hilo kwa lugha yao: giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala, na mwanga huizuia. Basi anayelala mchana hushindana na maumbile yake. Usingizi wake huwa mfupi na mwepesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kiasi kinachokaribiana na cha mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Pombe tunaikemea, na ni wajibu. Lakini asiyeionja kamwe anaweza kufikishwa na uchovu katika hali ile ile, ilhali ameshika sindano.

Kisha upo mzigo wa moyo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta liliwaka moto Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakafariki. Majeruhi walipokelewa hospitali ya mkoa, wengine Muhimbili, ambako idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza nchini, ilifunguliwa mwaka 2010. Waliowapokea ni wanadamu, na waliyoyaona walirudi nayo majumbani. Huku kwetu Kilimatinde wahudumu ni wachache zaidi, na mama mjamzito hachagui saa.

Jirani wa madrasa yetu ni muuguzi. Kwa muda mrefu watoto walisoma kwa sauti chini ya dirisha lake asubuhi za Jumamosi, naye hakulalamika hata siku moja. Ni mwanawe, mwanafunzi wetu, aliyetuambia: “Maalim, mama anasema mkimaliza ndipo atalala.” Tuliona haya. Darasa limehamia upande wa pili wa msikiti, na mawaidha ya baada ya Adhuhuri sasa tunayatoa bila kipaza sauti cha nje.