Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake: Kuchangia Programu Huria za Afya

(Hotuba kwa wahudumu wa afya na wanafunzi wa vyuo vya kiufundi)



Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo inazifaa sana kompyuta zilizo kwenye zahanati na hospitali za umma.

Mwaka wa 2004, wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani, waliokuwa wakishirikiana na madaktari wa Eldoret, waliungana na shirika la Partners In Health kuunda programu ya kutunza rekodi za wagonjwa. Programu hiyo ni OpenMRS. Ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006, na mwaka uo huo ikafika Rwanda. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, hasa kliniki za wanaoishi na virusi vya Ukimwi, imejengwa juu ya msingi huo.

OpenMRS ni programu huria. Maagizo yanayoiendesha yako wazi: mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia bila kulipia leseni, kuyabadilisha na kutoa marekebisho yake ili wengine wafaidike. Kilicho wazi ni programu. Rekodi za mgonjwa hubaki siri.

Hata hivyo, uwazi huo haumsaidii mwananchi iwapo wanaoitumia programu watanyamaza. Chukulia karani wa mapokezi aliyegundua kwamba akitafuta jina fulani, programu humletea faili ya mtu mwingine. Yeye amezoea, huangalia namba ya simu, kisha huendelea na kazi. Siku akienda likizo, anayeshika zamu yake hajui hilo, na mgonjwa anaweza kupewa dawa zisizo zake. Kasoro ilijulikana, ila haikuandikwa popote.

Kuiandika kasoro hiyo ni mchango kamili, na hakuhitaji shahada ya kompyuta. Ripoti nzuri hutaja mambo manne: toleo la programu, hatua alizofuata mtumiaji, alichotarajia kuona, na kilichotokea. Karani anaweza kuipitisha kwa msimamizi wa rekodi ili iwafikie watengenezaji. Jina, namba au picha ya faili ya mgonjwa isiwekwe kamwe; mfano wa kubuni unatosha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazilinda habari hizo. Kasoro inayoweza kumpa mtu asiyeruhusiwa njia ya kuingia kwenye rekodi iripotiwe kwa siri, isitangazwe hadharani.

Mlango mwingine ni lugha. Muuguzi anayejua jinsi wagonjwa wanavyoyataja maradhi yao ana uwezo wa kusahihisha tafsiri ya Kiswahili au kuandika mwongozo unaoeleweka.

Kwa wanafunzi wa kompyuta, kazi huanza na jambo dogo. Mwanafunzi huchukua nakala ya programu, hurekebisha sehemu moja, huijaribu kwenye kompyuta yake kwa data ya kubuni, kisha huiwasilisha. Wenye uzoefu huikagua kabla ya kuipokea. Akirudishiwa aisahihishe, asivunjike moyo: ukaguzi huo ndio kinga ya mgonjwa. Mchango wake ukipokewa, jina lake hubaki kwenye kumbukumbu za mradi, na mwajiri yeyote anaweza kuiona kazi yenyewe.

Wasimamizi wa vituo nao wana sehemu yao. Daftari moja la kasoro kwenye meza ya mapokezi, likisomwa kila wiki, ni mwanzo mzuri.

Mwananchi naye asikae kando. Akiona jina lake au mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa vibaya, aseme papo hapo kabla hajaondoka dirishani.

Programu hutengenezwa na wataalamu, lakini anayeilalia kila siku ndiye anayejua inapouma. Akisema, hupona yeye na wengine asiowajua.