Mto Ohio na Hesabu ya Nahodha

Mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, umejengwa ukingoni mwa mto Ohio. Kusini mwake kiko kitongoji cha Okolona, ambacho tangu mwaka 2003 kimo chini ya serikali moja ya mji na wilaya. Mji huo ulizaliwa na Maporomoko ya Ohio, mahali ambapo mto hushuka takriban mita 8 katika mwendo wa kilomita chache. Hapo vyombo vililazimika kusimama na shehena kubebwa nchi kavu, hadi ulipofunguliwa mfereji wa kuyakwepa maporomoko hayo mwaka 1830.

Mwezi Oktoba mwaka 1811 meli ya mvuke iitwayo New Orleans ilitia nanga Louisville. Wenyeji hawakutilia shaka kuteremka kwake, kwani hata gogo huteremka na mto. Walichotilia shaka ni kupanda kwake. Nicholas Roosevelt, aliyeijenga, aliwaalika wakuu wa mji kwa chakula ndani ya meli, na wakiwa mezani meli ikang'oa nanga, ikapanda mto. Mwaka 1815 meli nyingine, Enterprise, ilitoka mji wa New Orleans hadi Louisville kwa siku 25, safari iliyowachukua miezi kadhaa mabaharia wa mashua za pondo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini ina mtego. Chukua boti yenye mwendo wa kilomita 12 kwa saa katika maji yaliyotulia, na mkondo wa kilomita 4 kwa saa. Ikipanda hubakiwa na kilomita 8 kwa saa. Ikishuka hupata 16. Safari ya kilomita 48 itachukua saa 6 kupanda na saa 3 kushuka, jumla saa 9. Katika maji yaliyotulia ingechukua saa 8. Mkondo haurudishi wakati wote unaouchukua, kwa sababu boti hukaa saa nyingi zaidi katika mwendo wake mdogo.

Sasa nahodha ana mafuta ya saa 8 tu. Akianza kwa kushuka, atatumia saa 3, na saa 5 za kurudi zitamfikisha kilomita 40. Mashine itazimika kilomita 8 kabla ya nyumbani, na mkondo utamsukuma mbali zaidi. Akianza kwa kupanda, mafuta yatakwisha akiwa kilomita 16 kutoka nyumbani, lakini mto wenyewe utamrejesha kwa saa 4.

Iwe ni Ohio, Rufiji, Tana au Kongo, busara ni ile ile: pima mkondo kabla ya kupima mafuta, na ugumu wa safari utangulie ungali na nguvu.