Mafuta na Mwendo: Habari za Mashine ya Kuchanjia Kuni

Leo twazungumza na watu wa Malindi. Si Malindi ya pwani ya Kenya, bali Malindi ya Lushoto, huko juu Usambara penye baridi, ambako kila nyumba yajua thamani ya kuni. Kazi ya magogo si ngeni huko. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 Wajerumani waliteremsha mierezi ya Shume kwa njia ya kamba za chuma mpaka kituo cha reli cha Mkumbara. Siku hizi mikaratusi hupandwa kwa ajili ya kuni, na viwanda vya chai vya milimani hukausha majani kwa moto wa kuni.

Gogo la mkaratusi huchosha shoka. Kwa hiyo mwenye trekta aweza kufunga nyuma yake mashine ya kuchanjia: kabari ya chuma, na silinda ambayo pistoni yake husukumwa na mafuta, nayo hulisukuma gogo hata lipasuke. Lakini wengi hunung'unika kwamba mashine yaenda polepole. Basi fundi hukaza valvu ya usalama, akidhani kwamba ameongeza mwendo. Sivyo. Shinikizo la mafuta huzaa nguvu. Wingi wa mafuta huzaa mwendo. Akazaye valvu hiyo hapati mwendo, ila hukaribisha kupasuka kwa mipira.

Na tufanye hesabu. Wanafunzi nao washike kalamu. Silinda yenye kipenyo cha sentimeta 10 ina eneo la sentimeta za mraba 78 na nusu. Pistoni ikisafiri sentimeta 60, yahitaji mafuta lita 4.7. Pampu ya trekta ikitoa lita 30 kwa dakika, safari hiyo ni sekunde 9 na zaidi kidogo. Kurudi ni sekunde 7 hivi, kwa kuwa shafti ya pistoni, yenye kipenyo cha sentimeta 5, imekwisha kujaza sehemu ya nafasi. Jumla yapata sekunde 16 na nusu.

Twaweza kuzipunguzaje? Kwanza, bila gharama: gogo likiwa fupi, pistoni isirudishwe mpaka mwisho. Kwa gogo la sentimeta 40, safari ya sentimeta 45 yatosha, na robo ya muda imeokolewa. Pili, ifungwe pampu kubwa zaidi, izungushwe na mhimili wa nyuma wa trekta. Lita 60 kwa dakika zitaufanya muda kuwa nusu. Lakini injini itadaiwa nguvu maradufu, na tangi la mafuta hapana budi liwe kubwa, mafuta yasije yakapata joto kupita kiasi. Tatu, iko valvu iyachukuayo mafuta yatokayo upande wa shafti na kuyapeleka nyuma ya pistoni, badala ya kuyarudisha tangini. Kwa silinda yetu, pistoni itakwenda mara 4 ya mwendo wa kwanza, lakini nguvu itabaki robo. Basi njia hiyo ni ya kulifikia gogo tu. Gogo likigusa kabari, turudi kwenye njia ya kawaida.

Jambo moja husahauliwa. Pistoni irudipo, lita 30 zikiingia upande wa shafti, lita 40 hutoka upande wa pili. Mipira na valvu visipoweza kupitisha hizo 40, pampu kubwa ni fedha iliyotupwa.

Tena, mwendo ukizidi, hatari nayo huzidi. Awekaye gogo ndiye ashikaye wenzo. Mtu mmoja tu, wala mwingine asinyooshe mkono hapo. Mpira ukivuja, usiutafute tundu kwa kiganja. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi; jeraha huonekana dogo kama la sindano, kumbe mkono waharibika ndani. Zimeni injini, mshushe shinikizo, ndipo mtengeneze. Na aliyepenywa apelekwe hospitali saa ile ile.

Shina la mkaratusi likikatwa huchipua, kidole hakichipui. Atakaye mwendo na aanze kwa hesabu, kisha vyuma.