Mashine Haimfundishi Mtu Kazi

Ndugu wasikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tuiangalie mashine moja ambayo siku hizi inaonekana katika gereji nyingi, na hata kule yanakooshewa magari. Ni ile mashine ya umeme ya kung'arishia rangi ya gari. Huenda baadhi yenu mtauliza: je, hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa redioni? Naam, ni jambo. Mashine hii mara nyingi hushikwa na kijana anayeanza kazi, tena akiifanyia kazi mali ya mtu mwingine. Gari likiharibika, yuko mtu atakayeilipa hasara hiyo, na mara nyingi mtu huyo ni yule asiyekuwa na kitu.

Kwanza tuelewe ni kitu gani kinachong'arishwa. Magari mengi yanayoteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Rangi yake imepakwa kwa matabaka. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na juu kabisa, kwa magari mengi, kuna tabaka linaloangaza kama kioo, ambalo mafundi huliita klia. Hilo ndilo linaloikinga rangi na jua na mvua, na hilo ndilo linalong'aa. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa kama mikroni 40 hadi 50. Maana yake ni kwamba ukichukua milimita moja ukaigawa mafungu 20, fungu moja tu ndilo unene wa klia.

Sasa, polishi inayotumiwa na mashine si mafuta ya kupaka. Ndani yake mna chembe ngumu, ndogo sana, ambazo huila klia kidogo kidogo mpaka mikwaruzo isawazike. Kwa hiyo kila gari linapong'arishwa kwa namna hiyo, haliongezwi kitu, bali linapunguzwa. Na mkwaruzo ambao ukiupitishia ukucha unakwama, huo umekwenda chini mno. Kuulazimisha utoke ni kuitoboa klia.

Mashine zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza huzunguka moja kwa moja, kati ya mizunguko kama 600 na 3,000 kwa dakika. Ina nguvu, inamaliza kazi upesi, lakini inatoa joto kali. Ya pili huzunguka huku ikiyumba, na mtu akiikandamiza mno, sponji yake huacha kuzunguka. Kwa mwanafunzi, hii ya pili ndiyo mwalimu mpole. Lakini wapo pia wanaochukua grenda ya kukatia vyuma, inayokwenda mizunguko kama 11,000 kwa dakika, wakaifunga sponji na kuipeleka kwenye gari. Ndugu wasikilizaji, huko si kung'arisha. Huko ni kuunguza.

Je, kijana ajifunze vipi? Hakuna gereji inayokosa mlango mbovu au boneti iliyotupwa uani. Hapo ndipo darasa lilipo. Apewe boneti hiyo, aifanyie kazi vizuri upande mmoja, na upande wa pili aachiwe aiunguze kwa makusudi, mpaka aione klia ikitoka. Ataijua harufu yake, atalijua joto lake, na ataona ni sekunde chache kiasi gani zinatosha kuharibu. Jambo hilo halifundishiki kwa maneno matupu.

Baada ya hapo afundishwe utaratibu. Gari lioshwe vizuri, kwa sababu mchanga ukibaki chini ya sponji, unakuwa msasa. Liwekwe kivulini na bati lipoe. Mipira ya madirisha na kingo zote zifunikwe kwa utepe wa karatasi unaonata, ule wanaoutumia wapaka rangi. Polishi itiwe matone machache tu, na kazi ifanyike katika eneo la kama nusu mita kwa nusu mita, si boneti nzima kwa mara moja. Sponji iwekwe juu ya bati kwanza, ndipo swichi iwashwe, la sivyo polishi itarukia kuta na macho. Mashine ilazwe bapa, isisimame mahali pamoja, na mwendo uwe mdogo mwanzoni. Kwenye kingo na mikunjo ya bati rangi ni nyembamba zaidi, kwa hiyo hapo pasikandamizwe hata kidogo. Bampa za plastiki nazo hazipoi upesi kama bati. Akigusa kwa mkono akaona panachoma, aache.

Na usalama wake mwenyewe usisahauliwe. Waya upitishwe begani, usiburute chini. Kule kwenye maji ya kuoshea magari, plagi na maungio ya waya yasiachwe sakafuni. Avae miwani ya kukinga macho, wala asivae nguo yenye mikono inayoning'inia.

Haya yote si mambo magumu. Kwa nini basi hayafundishwi? Tazameni inavyokuwa. Kijana amekaa gerejini miezi kadhaa akiosha na kufuta. Siku moja magari yamejaa, wenyewe wanasubiri, na fundi anamwambia, "Dogo, shika hii, malizia boneti hiyo." Kijana anaona haya kusema hajui. Anaikandamiza mashine kwa nguvu zote, akidhani nguvu ndiyo kazi. Mara, ukingoni mwa boneti, rangi imefifia. Maji yakimwagika hayazoleki. Klia iliyotoka hairudishwi kwa polishi. Ni lazima boneti ipakwe upya, na mwenye gari hatalipia.

Hapo ndipo vijana wengine hukatwa posho yao ndogo, na wengine huambiwa wasirudi kesho. Mimi nasema hiyo si haki. Aliyempa mtu mashine bila kumfundisha, naye ana fungu lake katika hasara. Saa mbili za mafunzo kwenye mlango mbovu ni rahisi kuliko kupaka boneti moja upya, na ni rahisi zaidi kuliko kumpoteza kijana aliyekwisha kuizoea kazi.

Kwenu ninyi vijana, kusema "Fundi, hii sijawahi kuishika, naomba unionyeshe" si aibu. Aibu ni kuchezea mali ya watu. Na mkisha kuijua kazi, msiishie hapo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kuutambua ujuzi ambao mtu ameupatia kazini. Cheti kitawasaidia siku mtakapotaka kuhama gereji au kufungua ya kwenu.

Nanyi wenye magari, msimsimamie fundi mkitazama saa. Wala msidai gari ling'arishwe kwa mashine kila mwezi. Lioshwe kwa kitambaa safi na maji mengi, nalo litadumu na mng'aro wake. Klia ya kupunguza ni chache, na ikiisha imekwisha.

Mashine hupatikana dukani kwa mwenye fedha. Lakini namna ya kuitumia haimo ndani ya boksi lake. Hiyo hutolewa na mtu anayejua, kwa mtu asiyejua, na hutolewa kabla ya kazi, si baada ya hasara.