MKUTANO MKUU WA MWAKA KATIKA CHAMA CHA MICHEZO CHA VYUO

Mazungumzo kwa wanafunzi, walimu na wazazi wa Bumula

Siku ya mashindano ya riadha kiwanja hujaa watu. Wazazi hutoka Kimaeti, Khasoko, Siboti na Kabula kuja kuwatazama watoto wao wakikimbia, na mshindi hubebwa mabegani. Lakini siku ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama kilichoyatengeneza mashindano hayo, aghalabu viti vingi huwa vitupu. Hiyo ni hasara kubwa, maana mambo mengi yamfaayo au yamdhuruyo mkimbiaji hayaamuliwi kiwanjani. Nani aruhusiwe kushindana, umri wake usizidi miaka mingapi, nauli italipwa na nani, fedha za mfadhili zimetumikaje: yote hayo huamuliwa chumbani, na wale waliohudhuria, kwa kuinua mikono.

Kwanza yafaa kufahamu chama chenyewe. Chama cha michezo cha vyuo ni umoja wa vyuo. Mwanachama wake si mkimbiaji mmoja mmoja, bali ni chuo, nacho hupeleka mjumbe wa kukisemea. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati yake mwaka 2015, kikijiunga na chama cha namna hiyo huwa na sauti yake. Vivyo hivyo Kitale National Polytechnic. Kwa kuwa wajumbe hawawezi kukutana kila wiki, huchagua halmashauri: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wenzao. Halmashauri huendesha kazi za kila siku, lakini haikimiliki chama. Halmashauri ni mtumishi, na mkutano mkuu ndio bwana wake.

Kazi za mkutano mkuu ni nne. Ya kwanza ni kusikiliza taarifa ya kazi ya mwaka uliopita. Ya pili ni kupokea hesabu za fedha zilizokwisha kukaguliwa na mtu asiye mmoja wa halmashauri. Ya tatu ni kutengeneza kanuni, yaani kuongeza, kupunguza au kufuta. Ya nne ni kuchagua viongozi wakati wao ukiisha. Mkutano uliosikiliza hotuba, ukala chakula na kuagana, bila kuzifanya kazi hizi, haukuwa mkutano mkuu, ulikuwa karamu.

Jambo hili si geni kwa watu wa Bungoma. Baada ya mazishi, jamaa hukaa pamoja, na mwenye kumdai marehemu hulitamka deni lake mbele ya watu, na mwenye kudaiwa naye hukiri. Neno lililotajwa hadharani halizushi ugomvi baadaye, kwa sababu mashahidi ni wengi. Mkutano mkuu wa mwaka una maana hiyo hiyo, ila chama hakingoji kifo ndipo hesabu zitajwe.

Ili kuona nguvu ya mkutano wa namna hii, na utazamwe mfano mmoja wa nchi ya mbali ambao umewagusa sana vijana wa Afrika Mashariki. Katika Marekani michezo ya vyuo husimamiwa na chama kiitwacho kwa kifupi NCAA. Chama hicho kilizaliwa kwa sababu ya vifo. Mwaka 1905 vijana kadhaa walikufa katika mchezo wa kandanda ya Kimarekani, ambao ulikuwa wa kuumizana mno. Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakuu wa michezo wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton akawataka waurekebishe mchezo. Mwezi wa Desemba mwaka huo wajumbe wa vyuo 62 walikutana mjini New York wakakubaliana kuanzisha chama kimoja cha kutunga kanuni. Chama kikasimama rasmi mwaka 1906, na mwaka 1910 kikapewa jina lake la sasa. Mashindano yake ya kwanza ya taifa yalikuwa ya riadha, mwaka 1921. Desturi yake ya kukutana kila mwaka imedumu, na kwa miaka mingi mkutano huo umekuwa ukifanyika mwezi wa Januari.

Huenda mtu akauliza, mambo ya Marekani yanamhusu nini kijana wa Bumula? Yanamhusu sana. Samson Kimobwa na Henry Rono walikuwa wanafunzi wa Washington State University. Mwaka 1977 Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000. Mwaka 1978 Rono alivunja rekodi 4 za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma University of Texas at El Paso, na mwaka 1980 akapata nishani ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Na Wesley Korir, aliyezaliwa upande wa Kitale, alisoma University of Louisville. Mwaka 2012 akashinda mbio za marathoni za Boston, na mwaka 2013 akachaguliwa kuwa Mbunge wa Cherangany.

Vijana hao walikimbia kwa miguu yao wenyewe, lakini walikimbia chini ya kanuni zilizotungwa na wajumbe wa vyuo vya Marekani, wala hapakuwa na kiti cha Kenya wala cha Tanzania mkutanoni. Ilikuwako kanuni iliyosema kwamba mwanafunzi mgeni aliyecheza katika nchi yake baada ya kutimiza miaka 19, kila mwaka aliocheza huko utapunguzwa katika miaka aliyopewa ya kuchezea chuo. Mwanafunzi Mmarekani hakuhesabiwa hivyo. Chuo Kikuu cha Howard, ambacho timu yake ya kandanda ilikuwa na wachezaji wengi kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, kilishinda ubingwa wa mwaka 1971, kisha kikanyang'anywa. Howard wakaenda mahakamani. Mwaka 1973 hakimu alitamka kuwa kanuni hiyo ya wageni haikuwatendea watu sawasawa, na mwaka 1975 mahakama ya rufani ikalithibitisha neno hilo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1980 chama kiliweka kanuni nyingine, isiyotaja wageni hata kidogo. Ilisema kwamba kila mwaka ambao mtu ameshindana katika mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20, kabla ya kuingia chuoni, utahesabiwa kuwa mwaka mmoja aliokwisha kuutumia. Kwa maneno, kanuni ni moja kwa wote. Lakini mkimbiaji wa Kenya mara nyingi alianza kazi kwanza, jeshini, polisi au magereza, akashindana huko, ndipo akapata nafasi ya chuo. Rono alizaliwa mwaka 1952, na alipoingia chuo mwaka 1976 alikuwa na miaka 24. Mtu wa umri huo, kama angalifika baada ya kanuni ya 1980, naye ameshindana tangu miaka 20, angalikuta miaka yake yote 4 imekwisha kabla hajavaa fulana ya chuo. Sentensi moja iliyopitishwa mkutanoni yatosha kumfungia mtu mlango ambao mwenziwe aliupita miaka michache tu kabla yake.

Mfano wa pili wahusu wanawake. Kwa muda mrefu NCAA haikuwa na mashindano ya wanawake. Mwaka 1971 vyuo viliunda chama kingine, AIAW, kikiongozwa na wanawake wenyewe, kikakua hata kufikia vyuo zaidi ya 900. Mwezi wa Januari 1981 mkutano wa NCAA uliletewa azimio la kuanzisha mashindano ya wanawake katika daraja lake la juu. Kura zikapigwa, zikalingana. Zikahesabiwa upya, azimio likashindwa kwa kura 1. Kisha likarudishwa mbele ya wajumbe siku hiyo hiyo, nalo likapita. AIAW ikapoteza vyuo na mapato, na katika mwaka 1982 ikafunga kazi zake. Wako wasemao kuwa wanawake walipata faida ya mashindano makubwa zaidi. Wako wasemao kuwa walipoteza uongozi wao. Ugomvi huo haukatwi hapa. Yapasa kukumbuka jambo moja tu: kura moja ilitosha kugeuza mizani, na mjumbe aliyekuwa nje akinywa chai hakuwa na kura.

Tena, hata chama kikubwa huweza kubadili namna ya kupiga kura. Katika NCAA, tangu mwaka 1997 vyuo vya daraja la kwanza viliacha desturi ya kila chuo kuwa na kura moja mkutanoni, madaraka mengi yakapewa halmashauri za wakuu wa vyuo. Madaraja ya pili na ya tatu yakabaki na kura moja kwa kila chuo. Yafaa kila mwanachama aulize mapema: katika chama chetu, neno la mwisho ni la nani?

Na turejee nyumbani. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, na tangu mwaka 2002 kimeitwa Athletics Kenya. Mtu wa kaunti hii aliyeonja uzito wa kanuni ni marehemu Ben Jipcho wa Mlima Elgon. Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, alipata nishani za dhahabu za mita 5,000 na za kuruka viunzi na maji, na ya shaba ya mita 1,500. Baadaye alikwenda kukimbia kwa malipo Marekani. Kanuni za siku hizo zilisema kwamba mwenye kulipwa hawezi tena kushindana na wasiolipwa, basi njia yake ya Olimpiki ikafungwa. Siku hizi mkimbiaji hupokea zawadi ya fedha bila lawama. Mbio ni zile zile. Kanuni ndizo zilizobadilika, nazo zilibadilishwa na wajumbe mikutanoni.

Mambo ya fedha nayo yana funzo lake. Mwezi wa Novemba 2015 wanariadha waliingia Riadha House, Nairobi, makao makuu ya Athletics Kenya, wakaifunga milango, wakidai maelezo juu ya fedha za udhamini. Miongoni mwa waliowasemea alikuwa Wesley Korir, aliyekwisha kutajwa. Mwisho wa mwezi huo kamati ya maadili ya chama cha riadha cha dunia iliwasimamisha viongozi 3 wa chama hicho wakati uchunguzi ukiendelea. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Swali la fedha likiulizwa na kujibiwa kila mwaka mkutanoni, haliji kuulizwa kwa makufuli mlangoni.

Serikali ya Kenya imelitilia jambo hili nguvu kwa Sheria ya Michezo, namba 25 ya mwaka 2013. Kwa sheria hiyo jumuiya za michezo ni za namna tatu: klabu, chama cha kaunti, na chama cha taifa. Yuko Msajili wa Michezo wa kuziandikisha na kuzitazama katiba zao, na liko baraza maalumu la kuamua migogoro ya michezo. Lakini sheria haiwezi kumwinulia mwanachama mkono wake. Asipohudhuria, mkutano utaamua bila yeye.

Basi yafaa wanafunzi na walimu wa Bumula wayazingatie mambo haya.

Kwanza, katiba ya chama isomwe kabla ya mkutano, si baada ya ugomvi. Ndani yake imeandikwa taarifa ya mkutano itolewe siku ngapi mbele, na wajumbe wangapi wakiwapo ndipo mkutano uwe halali.

Pili, mjumbe aende na maneno ya waliomtuma. Mwanafunzi wa mbio na msichana wa mpira wa wavu waulizwe taabu zao kabla ya safari, na mjumbe akirudi awaeleze yaliyoamuliwa. Mjumbe asiyerudisha habari ni kama mtungi uliotobolewa.

Tatu, kumbukumbu za mkutano uliopita zisomwe na kusahihishwa. Ahadi iliyoandikwa mwaka jana iulizwe mwaka huu: je, viatu vilinunuliwa? Je, nauli ililipwa?

Nne, hesabu ziletwe zikiwa zimekaguliwa, nakala ziwafikie wajumbe mapema, na mwenye kuuliza asihesabiwe kuwa adui. Mweka hazina mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa kuwa jibu lake lamsafisha.

Tano, kanuni yoyote mpya ipimwe kwa mtu halisi. Asiulize mtu tu kama maneno yake ni mazuri. Aulize: itamgusa nani? Kijana aliyechelewa kuanza shule kwa ajili ya karo, au msichana aliyerudi masomoni baada ya kujifungua, atabaki ndani au atatupwa nje? Kanuni ya mwaka 1980 iliyotajwa hapo juu ilionekana sawa kwa wote mpaka ilipomfikia mtu.

Sita, aliyeshindwa katika kura akubali, na aliyeshinda asijivune. Mkutano wa mwaka ujao uko, na azimio lililoshindwa leo laweza kurudi kwa hoja bora zaidi. Kama kanuni imevunjwa, ziko njia za kisheria za kulalamika. Mawe na matusi si miongoni mwake.

Bungoma na Trans Nzoia hazikosi vijana wenye mbio. Kijana akianguka katika mbio kwa kuishiwa pumzi, hana wa kumlaumu. Lakini akizuiwa asikimbie kwa kanuni ambayo mjumbe wake hakuisoma, au akakosa nauli kwa fedha ambazo hakuna aliyeziuliza, hiyo ni aibu ya watu wazima. Tarehe ya mkutano mkuu wa mwaka na ibandikwe ukutani pamoja na tarehe ya mashindano, na chuo kihesabu kuwa zote mbili ni siku za kushindana.